Mbunge wetu wa Ontario anahamia Ottawa: faili la mwanangu litabaki na nani?

"Mwalimu, salamu sana. Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Mombasa, na nina miaka 9 hapa Ontario, magharibi ya Toronto. Uraia nimepata mwaka juzi. Mtoto wangu wa pili ana usonji, na ofisi ya mbunge wetu wa Queen's Park, bunge la jimbo (province) la Ontario, ndiyo iliyonishika mkono tangu tulipoingia kwenye foleni ya huduma. Ofisi hiyo hiyo ina nakala za karatasi za mama yangu, aliyenyimwa visa ya kuja kututembelea. Sasa mbunge ametangaza kwamba atagombea ubunge wa shirikisho, yaani bunge la Kanada nzima kule Ottawa. Kwenye chama chetu cha akina mama kila mtu ana lake. Mmoja asema amepandishwa cheo, atakuwa juu ya Waziri Mkuu wa Ontario. Mwingine asema atashika viti vyote viwili. Wa tatu asema ni tamaa ya mshahara, ametutupa. Nami nawaza: akifika Ottawa, si ndiyo itakuwa rahisi kumpatia mama visa? Na faili la mwanangu litabaki na nani? Nimpigie kura au nimnunie?"

Dada yangu, asante kwa kuandika kwa urefu, maana mambo haya hayajibiki kwa neno moja. Umeuliza habari za mbunge, lakini hofu yenyewe naiona ni ya mtoto. Umezoea mlango mmoja, na mlango huo unakaribia kufungwa. Basi nianze na hilo kabla ya siasa: nafasi ya mwanao kwenye foleni haitapotea. Foleni ya Ontario Autism Program, mpango wa jimbo wa huduma za usonji, haikai kwenye ofisi ya mbunge. Ina namba ya usajili, na namba hiyo ni ya mtoto. Mbunge ajiuzulu, ashinde, ashindwe, namba iko palepale. Kinachoweza kupotea ni kumbukumbu: barua ambazo yule mfanyakazi wa ofisi aliandika kwa niaba yako, majina ya watu aliozungumza nao wizarani, tarehe za ahadi. Hizo ndizo za kuokoa, na ziokolewe wiki hii, kabla mbunge hajafunga ofisi. Namna ya kufanya hivyo nitakueleza mbele kidogo.

Mimi nimepokea watu kwenye ofisi za wabunge kwa miaka 11, kwanza upande wa jimbo, baadaye upande wa shirikisho, kabla sijaanza kufundisha masomo ya uraia. Katika miaka hiyo kosa moja nimelisikia kila siku, na naliona kwenye barua yako pia. Tunaotoka Afrika Mashariki tunaitazama siasa ya Kanada kama ngazi. Kwetu Kenya mtu huanza MCA, mwakilishi wa wadi, akavuma, akapanda kuwa mbunge, na akishakuwa mbunge ana NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya eneobunge, anatoa basari, anajenga madarasa, anamsaidia fulani kumpata fulani. Kwa hiyo tukisikia mwanasiasa wa Ontario anakwenda Ottawa, tunapiga vigelegele kwamba mtu wetu amepanda na sasa mkono wake utafika mbali zaidi.

Kanada haikujengwa hivyo. Katiba ya mwaka 1867 iligawa kazi mara mbili. Kifungu cha 91 kinataja za serikali ya shirikisho: jeshi, sarafu, benki, sheria za jinai na nyingine nyingi. Kifungu cha 92 kinataja za majimbo: hospitali, serikali za miji, mali na haki za raia, mahakama za jimbo. Elimu ina kifungu chake, cha 93, nayo ni ya jimbo. Kila upande una bunge lake, kodi zake na mawaziri wake, na hakuna aliye bosi wa mwenzake. Waziri Mkuu wa Kanada hawezi kumfukuza kazi Waziri Mkuu wa Ontario, wala hawezi kumwamuru aajiri hata mwalimu msaidizi mmoja kwenye shule ya mwanao. Anachoweza ni kutuma fedha na kuziwekea masharti, kama inavyofanya sheria ya afya ya mwaka 1984, inayolitaka jimbo lisiwatoze watu fedha mlangoni mwa hospitali ili lipate mgawo wake kamili. Lakini hospitali, madaktari, foleni, na huduma za usonji ni za jimbo.

Kwa hiyo mbunge wenu hapandi. Anahama kazi. Na anahamia mahali ambapo mengi aliyokuwa akikufanyia hatakuwa tena na mamlaka nayo. Akiwa MPP, yaani mbunge wa jimbo, alikuwa mmoja kati ya wabunge 124 wa Queen's Park, na wizara inayoshughulikia usonji iko Toronto, inamjibu. Akiwa MP, yaani mbunge wa shirikisho, atakuwa mmoja kati ya 343 pale Ottawa, na wizara hiyo haina wajibu wowote kwake. Ndiyo maana namwambia yule mwenzako wa kwanza, kwa heshima zote: hatakuwa juu ya Waziri Mkuu wa Ontario. Hatakuwa naye hata kwenye nyumba moja.

Kuna mzee mmoja simsahau. Aliingia ofisini asubuhi ya theluji na bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni, amefunga kwa raba. Ndani: cheti cha ndoa, picha za harusi, risiti za M-Pesa za miaka miwili, barua za idara ya uhamiaji. Alikuwa akimdhamini mke wake aje. Alikuwa ameipeleka bahasha ile kwenye ofisi ya mbunge wa jimbo miezi mitatu nyuma kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na kituo cha basi, na hakuna aliyemweleza kwamba amekosea mlango. Walizipokea, wakazitia kwenye faili, basi. Katika miezi ile mitatu barua ya kumtaka mkewe akapimwe afya ilikuwa imekwisha muda. Mzee alisimama pale kaunta akishika ile raba, anaifunga na kuifungua, hana la kusema. Tangu siku ile kila aliyeingia kwangu nilimuuliza swali moja kabla hajakaa: shida yako ni ya nini? Leseni ya udereva, kadi ya afya, shule, mwenye nyumba, hiyo ni MPP. Visa, pasipoti, ukaazi wa kudumu, bima ya waliopoteza kazi, pensheni ya wazee ya Ottawa, hiyo ni MP. Taka na maji, hiyo ni diwani wa mji. Ukibandika maneno hayo kwenye mlango wa friji utakuwa umejiokolea safari nyingi.

Na hapa tuje kwa mama yako. Nitakwambia bila kukuzungusha: kumngojea mbunge wako afike Ottawa ndipo umpe suala la visa ni kupoteza wakati bure, kwa sababu mbunge wa shirikisho tayari unaye. Kila anwani ya Ontario ina wabunge wawili, mmoja wa Queen's Park na mmoja wa Ottawa, na huyo wa Ottawa yupo leo, ana ofisi mtaani kwenu, hata kama hujawahi kumtia machoni na hata kama hukumpigia kura. Nenda kwake. Utajaza fomu ya idhini, kwa sababu sheria ya faragha hairuhusu idara ya uhamiaji kumfungulia mtu mwingine habari zako bila sahihi, na kwa kuwa mwombaji ni mama, sahihi yake itatakiwa. Wenye ukaazi wa kudumu nao wanasaidiwa hivyohivyo. Si lazima uwe raia.

Ila ujue mbunge anaweza nini. Anaweza kuuliza faili limefika wapi. Anaweza kupata maelezo ya sababu yaliyo wazi kuliko ile barua fupi uliyopewa. Akiona kosa la dhahiri, kama karatasi iliyotumwa na ikahesabiwa haikutumwa, anaweza kuomba litazamwe. Hawezi kumwamuru afisa wa visa atoe visa. Awe mbunge wa kawaida au waziri, uamuzi si wake. Yeyote anayekwambia "nikifika Ottawa mama yako atakuja", iwe ni mgombea mwenyewe au kijana wake wa kampeni, anakuuzia kitu ambacho hana.

Mara nyingi visa ya mzazi hukataliwa kwa sababu afisa hakuridhika kwamba mgeni atarudi kwao, au kwamba kuna fedha za kumtunza akiwa huku. Dawa yake ni ombi jipya lenye ushahidi bora: hati ya nyumba au shamba, wajukuu na ndugu waliobaki Mombasa, mapato yako ya hapa yaliyo kwenye karatasi za kodi. Fikirieni pia ile super visa ya wazazi na mababu, ambayo humruhusu mzazi kukaa hadi miaka 5 kwa kila safari, ingawa inataka bima ya afya na kipato fulani kwa anayemwalika.

Sasa habari ya viti viwili. Mwenzako wa pili hakukosea kabisa. Amechelewa miaka mia na hamsini tu. Kanada ilipoanza jambo hilo liliruhusiwa. Edward Blake alikuwa Waziri Mkuu wa Ontario kuanzia Desemba 1871 huku akiwa mbunge wa Ottawa wakati huohuo. Mwaka 1872 sheria ya Ontario ilimlazimisha achague, naye akachagua Ottawa. Aliyerithi uwaziri mkuu wake wa Ontario, Oliver Mowat, akakaa nao hadi 1896, miaka 24, kisha naye akafuata njia ileile: akaenda Ottawa kuwa waziri wa sheria katika serikali ya Waziri Mkuu wa Kanada, Wilfrid Laurier. Laurier mwenyewe alianza kwenye bunge la Quebec mwaka 1871, akaliacha mwaka 1874 kwenda bunge la shirikisho. Utaona njia hii mbunge wenu hakuibuni yeye. Ina umri wa nchi yenyewe.

Siku hizi sheria ya uchaguzi ya shirikisho iko wazi: mtu ambaye bado ni mbunge wa jimbo hana sifa ya kusimama kama mgombea. Anaweza kutangaza nia. Anaweza kupitishwa na chama chake miezi mingi mapema akiwa bado MPP, na nadhani huko ndiko mbunge wenu aliko sasa. Lakini kabla hajapeleka karatasi rasmi za kugombea, ambazo mwisho wake ni wiki tatu kabla ya siku ya kura, lazima awe amejiuzulu. Na akishajiuzulu hakuna kurudi. Akishindwa, amekosa vyote viwili.

Hilo halisemwi kwa nadharia tu. Huko huko magharibi ya Toronto, Parm Gill alikuwa MPP wa Milton tangu 2018. Mapema 2024 alijiuzulu ili agombee Ottawa, ambako aliwahi kuwa mbunge kati ya 2011 na 2015. Wapiga kura wa Milton wakarudi vituoni Mei 2024 kwa uchaguzi mdogo kujaza nafasi yake. Uchaguzi wa shirikisho ukaja Aprili 2025, akashindwa. Kwa hiyo mwenzako wa tatu anaposema "tamaa ya mshahara", naomba apime hatari hiyo pia.

Nisimpuuze hata hivyo, kwa sababu fedha zipo. Mshahara wa MPP wa Ontario ulikuwa umesimama kwenye dola 116,550 tangu 2009, mwaka hata mwaka, mpaka ulipopandishwa mwaka 2025 kufika dola 157,350. MP wa Ottawa kuanzia Aprili 2025 alikuwa akilipwa dola 209,800. Pensheni ya wabunge wa Ontario ilifutwa katika miaka ya 1990 na imerudishwa hiyo 2025, ilhali wa Ottawa wanaipata wakishatumikia miaka sita. Tofauti hiyo si ndogo, na mtu mwenye rehani na watoto chuoni ataiona. Lakini katika wale niliowafanyia kazi au kuwaona kwa karibu, mara nyingi sababu ilikuwa nyingine. Mmoja alichoka kukaa upinzani. Mwingine alikuwa amezungukwa na watu wenye shida za uhamiaji, kila siku anawaambia "nenda ofisi ile nyingine", hadi akaamua kwenda kuikalia hiyo ofisi nyingine. Na wengine, niseme ukweli, waliitwa tu na kiongozi wa chama aliyetaka jina linalojulikana, wakashindwa kukataa. Ukikutana naye muulize. Jibu lake litakufundisha mengi kuliko uvumi wa kwenye chama chenu cha akina mama.

Kuna mtu mmoja nataka umjue, kwa sababu habari yake inakugusa wewe kama mama. Tommy Douglas alizaliwa Uskoti mwaka 1904. Akiwa mtoto aliumia goti, mfupa ukaingiwa na maradhi, na familia ilipohamia Winnipeg madaktari walitaka kumkata mguu, maana wazazi hawakuwa na fedha za mtaalamu. Daktari bingwa mmoja akajitolea kumtibu bure, kwa sharti wanafunzi wake waangalie. Mguu ukapona. Yule mtoto alikua akiamini kwamba mguu wa mtoto haufai kutegemea bahati ya kukutana na daktari mwema.

Douglas alianza Ottawa, mbunge wa Weyburn kuanzia 1935, kisha mwaka 1944 akarudi jimboni Saskatchewan na kuwa Waziri Mkuu wake kwa miaka 17. Kwa nini alirudi? Kwa sababu afya ni ya jimbo. Mwaka 1947 Saskatchewan ikaanza bima ya hospitali kwa wote. Baada ya hapo akaandaa bima ya matibabu ya daktari. Mwaka 1961, kabla haijaanza kufanya kazi, chama kipya cha NDP kikamchagua kiongozi wake wa kwanza wa taifa, akaondoka tena kwenda Ottawa. Watu wakamlaumu vilevile kama mnavyomlaumu wenu: umetuachia vita. Na kweli, Juni 1962 wapiga kura wa Regina, watu wake mwenyewe, wakamnyima kiti cha shirikisho. Siku chache baadaye, tarehe 1 Julai, bima ikaanza chini ya mrithi wake, na madaktari wa jimbo wakagoma siku 23. Bima ikapona. Douglas akaingia bungeni Oktoba hiyo kwa uchaguzi mdogo wa British Columbia, maili mamia kutoka nyumbani. Mwaka 1966 bunge la shirikisho likapitisha sheria ya kuyasaidia majimbo yote kufanya yaliyofanywa Saskatchewan, na hadi 1972 yote yalikuwa yameingia.

Naisimulia kwa sababu inaonyesha kile ambacho kuhama kunaweza kufanya, na kile ambacho hakuwezi. Jimbo ndilo lililojenga. Ottawa ndiyo iliyoeneza, kwa fedha. Mtu anayezijua pande zote mbili anaweza kuwa daraja. Kadi ya afya iliyo kwenye mkoba wako, ambayo mwanao anaonyeshwa nayo kwa daktari bila kulipa, imepita kwenye daraja hilo.

Je, uzoefu wa jimbo humsaidia mtu akifika Ottawa? Mara nyingi ndiyo, hasa akiwa fundi wa jambo fulani. Jim Flaherty alikuwa waziri wa fedha wa Ontario, kisha akawa waziri wa fedha wa Kanada kuanzia 2006 hadi 2014. Ujjal Dosanjh alikuwa Waziri Mkuu wa British Columbia, akashindwa 2001, na mwaka 2004 akaibukia Ottawa kama waziri wa afya. Carlos Leitão, aliyekuwa waziri wa fedha wa Quebec kuanzia 2014 hadi 2018, ameingia bunge la shirikisho mwaka 2025.

Ila kwa wakubwa zaidi mambo hugeuka. Mawaziri wakuu wa majimbo waliowahi kuwa Waziri Mkuu wa Kanada ni wawili tu, John Thompson na Charles Tupper, wote wa Nova Scotia, na huyo wa mwisho alishika wadhifa mwaka 1896. Robert Stanfield wa Nova Scotia alikaribia mno: mwaka 1972 chama chake kilipata viti 107, wapinzani wake 109. Viti viwili! Sababu moja naiona hivi: kiongozi wa jimbo hujijenga kwa kugombana na Ottawa kwa niaba ya watu wake, na watu wa majimbo mengine huyakumbuka maneno hayo siku anapokuja kuwaomba kura.

Hata asiye waziri mkuu hupata taabu. Jagmeet Singh alikuwa MPP wa eneo la Brampton tangu 2011, naibu kiongozi wa chama chake Ontario, na Oktoba 2017 akachaguliwa kiongozi wa NDP ya taifa. Akaachia kiti cha Queen's Park, na kwa karibu miezi 17 akawa kiongozi wa chama asiye na kiti bungeni, hawezi kumuuliza Waziri Mkuu swali hata moja ukumbini, mpaka aliposhinda uchaguzi mdogo wa Burnaby South Februari 2019. Akaongoza, akaiunga mkono serikali, wakapatana mpango wa matibabu ya meno. Aprili 2025 chama kikabaki na viti 7, naye akapoteza chake. Kazi ya siasa inayohama ina mabonde kama hayo.

Jambo jingine linalowachanganya watu ni kadi ya chama. Jina moja halimaanishi chama kimoja. Liberali wa Ontario na Liberali wa Ottawa ni vyama viwili vyenye viongozi, sera na wanachama mbalimbali. Kule British Columbia chama kilichoitwa Liberali kwa miaka mingi kilikuwa na wahafidhina wengi ndani yake. Kwa hiyo mbunge akihama, msimchukulie kwamba sera zake zimehama naye kama mizigo. Soma ilani mpya anayosimamia.

Basi faili. Piga simu ofisini kwake, omba miadi, na usiridhike na simu; nenda na mwili wako. Omba nakala ya kila barua iliyoandikwa kwa jina la mtoto, na muhtasari wa ukurasa mmoja: walizungumza na nani, lini, alijibu nini, nini bado kinangojewa. Wafanyakazi wengi watakuandalia kwa moyo, maana nao wanajua kazi yao inakaribia kwisha. Usitarajie faili lihamie lenyewe kwa mbunge ajaye. Idhini uliyotia sahihi ilikuwa ya ofisi ile, na haimfuati mrithi, hasa kama anatoka chama kingine. Wala lisimfuate mbunge kwenye kampeni yake. Kama utaanza kupokea ujumbe wa kuomba kura au michango kwenye namba uliyowapa kwa ajili ya mtoto, una haki ya kuwauliza wameipataje.

Akishajiuzulu, sheria ya Ontario inatoa hadi miezi 6 kuitisha uchaguzi mdogo, kwa hiyo huenda mkakaa miezi kadhaa bila MPP. Katika kipindi hicho andika moja kwa moja wizarani ukitaja namba ya usajili. Na kama tatizo ni shule au wizara isiyojibu, kuna Ombudsman wa Ontario, ambaye hupokea malalamiko bure na tangu 2015 anaziangalia bodi za shule pia. Watu wetu hawamtumii, nami husikitika, kwa sababu nimeona barua moja yake ikifungua kilichokwama mwaka mzima.

Angalia pia mipaka. Kwa miaka mingi eneobunge la jimbo na la shirikisho, kusini mwa Ontario, yalikuwa yanalingana. Sasa hayalingani. Uchaguzi wa Ontario wa tarehe 27 Februari 2025 ulitumia mipaka ya zamani. Wa shirikisho wa tarehe 28 Aprili mwaka huohuo ulitumia mipya. Inawezekana kabisa mbunge wenu agombee eneo ambalo nyumba yako haimo, na swali la kumpigia kura likajifuta lenyewe. Weka msimbo wako wa posta kwenye tovuti ya Elections Canada, tume ya uchaguzi ya shirikisho, uone.

Kama umo, basi mpigie au usimpigie kwa mambo ya Ottawa. Muulize kuhusu muda wa maombi ya visa za wazazi, kuhusu posho ya watoto wenye ulemavu ambayo ni ya shirikisho na ambayo huenda unastahili kuipata kama bado huipati, kuhusu fedha za afya zinazokwenda kwa majimbo. Shukrani yako kwa alivyokusaidia ni halali, na unaweza kumwandikia kadi. Kura ni jambo jingine. Halafu, uchaguzi mdogo wa jimbo ukiitishwa, uende nao. Watu wengi husahau kura ile kwa sababu ni ndogo, lakini ndiyo itakayochagua mtu wa kumsimamia mwanao.

Mwisho, usilingoje jibu la mbunge yeyote kuhusu kukataliwa kwa mama kama barua ni ya karibuni. Kupinga uamuzi huo kwenye Mahakama ya Shirikisho kuna mwisho wa siku 60 kwa uamuzi uliotolewa nje ya Kanada, na ofisi ya mbunge haisimamishi saa hiyo. Mwone wakili wa uhamiaji ana kwa ana, au kliniki ya sheria ya jamii iliyo karibu nawe kama fedha ni tatizo, ukiwa na barua ya kukataliwa mkononi. Ukienda kwa mshauri asiye wakili, hakikisha jina lake liko kwenye rejista ya chuo kinachowasimamia washauri wa uhamiaji. Akisita kukupa namba yake ya leseni, simama utoke.

Anza na tarehe iliyo juu ya barua hiyo ya kukataliwa. Iangalie leo jioni, hesabu siku, na kesho asubuhi upige simu mbili: moja kwa wakili, moja kwa ofisi ya mbunge kuomba zile nakala za mtoto.